Mwimo wa Kulia

Mpima wa jiji alikuja nyumbani kwangu Jumatano asubuhi, nami nilikuwa nimekaa kizingitini nachambua mchele. Mchele wa mtu mmoja hauchukui muda, lakini mimi huuchambua mara mbili, maana ukiisha sina kingine cha kufanya mpaka saa sita. Alikuwa mtu mzima mwenye kitambi kinachoanza, viatu vya mpira hadi magotini na utepe wa kupimia kiunoni. Alipiga hodi. Nikamkaribisha kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, kwa sababu hodi ya mwisho kabla ya yake ilikuwa ya mtu aliyekosea nyumba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Pita, pita. Viatu usivue, sakafu yenyewe imeshazoea matope."

Akanieleza kazi yake. Jiji linatengeneza mpango wa mitaro ya maji ya mvua, mpango wa miaka kumi na miwili. Wanapita nyumba kwa nyumba kuuliza maji ya masika hufika wapi.

"Hela ya kuchimba kote kwa mara moja jiji halina," alisema. "Kwa hiyo tunatafuta pa kuanzia."

Nikamwambia ngoja kwanza nikuwekee chai, nikaingia jikoni. Huko jikoni nikamsikia anaita.

"Bibi! Hizi alama za mlangoni kaziweka nani?"

"Mimi mwenyewe!" nikajibu, napuliza moto. "Kila mwaka shule zikifungwa, masika yakishaisha!"

"Kila mwaka?"

"Sikuruka hata mmoja, mpaka nilipoacha!"

Nilimsikia akivuta utepe na kuuachia, tap, tap, tap. Nilipotoka na chai alikuwa amepiga magoti mbele ya mwimo wa kulia wa mlango wangu, anapiga picha kama mtu aliyeokota dhahabu. Akanywa vikombe viwili. Akaniuliza nimekaa hapa miaka mingapi, nikamwambia arobaini na sita. Akaniuliza habari za marehemu mzee wangu, nikamweleza, na hakutazama saa hata mara moja. Alipoaga alinishika mkono kwa mikono yote miwili.

"Bibi, watu kama wewe ni wachache sana."

Wiki nzima nilitembea na maneno hayo. Sikuuliza alichoandika. Mtu akikusikiliza, humuulizi kwa nini.

Sasa nieleze kwa nini mtaro ule ulikuwa roho yangu. Nina watoto wawili. Wa kwanza wa kiume, yuko nchi za mbali, hunitumia salamu mwaka ukianza. Wa pili ni binti, yuko mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi, anaishi na mumewe na mama mkwe wake katika vyumba viwili ambamo mimi nikienda itabidi nilale nimesimama. Binti huyu ana mtoto mmoja, mjukuu wangu pekee, wa miaka minne. Nimemwona mara moja tu, akiwa wa kubebwa. Walikuja masika, maji ya barabarani yakaingia ndani yakiwa yamechanganyika na ya vyoo vya jirani, mtoto akaharisha mpaka macho yakaingia ndani. Binti yangu aliondoka naye akiwa analia. Akaniambia:

"Mama, nakupenda. Lakini mwanangu hakanyagi tena nyumba ile mpaka jiji lijenge mtaro."

Ana kichwa kigumu kama cha baba yake. Mimi nikamjibu, "Sawa, mwanangu." Mimi ni mtu wa kusubiri. Nilisubiri barua za baba yao alipokuwa kazini mbali, nikasubiri watoto wamalize shule, nikasubiri wapate kazi, na kusubiri kukanizoea nami nikakuzoea. Nikawa nasubiri mtaro.

Baada ya miezi mitatu tukaitwa mkutano kwenye ukumbi wa shule. Watu wa mtaa wetu wa juu walikaa upande wa madirisha, watu wa bondeni wakakaa upande wa mlango. Mwenyekiti wa mtaa wetu, mtu wa maneno mengi na shati la kubana, alinitafutia kiti cha mbele. Kiti cha pembeni yangu kilikuwa kitupu, nikaweka mkoba wangu hapo usionekane utupu wake.

Injinia wa jiji alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani, sauti yake ndogo lakini haitetereki. Alitueleza vizuri hata sisi tusio wasomi. Mpango una awamu nne, kila awamu miaka mitatu. Fedha zinatoka sehemu mbili, kodi zetu na mkopo. Mkopo hautolewi wote kwa pamoja. Jiji likimaliza kipande kimoja wakopeshaji wanakuja kukagua, wakiridhika ndipo wanafungua kipande kinachofuata.

"Kama mama anayemtuma mtoto dukani," alisema. "Hampi hela ya mwezi mzima."

"Na chenji anaiuliza!" akadakia Mwenyekiti. Watu wakacheka.

"Anaiuliza, ndiyo. Kwa hiyo awamu ya kwanza ni mtaro mkuu mmoja tu, na lazima uwe pale penye shida kubwa kuliko pote. Tumetoa alama kwa kila mtaa: kina cha maji, idadi ya nyumba, na ushahidi wa miaka mingi. Mtaa uliopata alama nyingi kuliko yote ni mtaa wa juu."

Upande wa madirisha tukapiga makofi. Upande wa mlango mikono ilibaki mapajani. Kule bondeni ninamfahamu Fundi Cherehani, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, ambaye kila masika huonekana anapanda mlima na cherehani kichwani, maji yakiwa yamemfika kifuani. Hilo halihitaji ushahidi, mtaa mzima tunaliona kwa macho. Nilimtafuta kwa jicho. Alikuwa ananitazama.

Injinia akawasha mashine ya picha, na ukutani, kubwa kama lori, ukatokea mlango wangu.

"Ushahidi huu ni wa nadra," alisema. "Bibi mmoja ameweka alama za maji kwa mkono wake zaidi ya miaka kumi na tano. Tazameni. Mwaka wa kwanza, sentimita sabini na nne. Unaofuata, themanini na tatu. Halafu tisini na moja. Maji yanapanda mwaka hadi mwaka bila kurudi nyuma. Na kuanzia hapa kuna miaka yenye mafuriko mawili, moja kubwa na moja dogo. Mpaka alama hii ya juu kabisa, mita moja na sentimita sitini na nane."

"Na baada ya hapo?" mtu akauliza.

Mpima akasimama. "Baada ya hapo lile kubwa linakoma, likabaki lile dogo, nalo likakoma baadaye. Tunadhani ndipo mtaro wa barabara kuu ulipozibuliwa."

Nilishika kiti. Mwaka ule lile kubwa lilikoma kwa sababu mwanangu wa kiume alipanda basi na begi mgongoni. Lile dogo lilikoma binti alipoolewa. Sentimita sabini na nne ni kaka mtu siku aliyosimama mwenyewe bila kushika ukuta. Kila mwaka shule zikifungwa niliwasimamisha penye mwimo wa kulia, visigino nyuma, nikaweka kijiko bapa kichwani na kukwaruza mstari kwa msumari, na mwezi na mwaka pembeni. Majina sikuandika. Nani angemsahau mwanawe?

Alama za maji ya kweli aliziweka marehemu mzee wangu, mwimo wa kushoto, chini kabisa, nyuma ya pipa la maji. Mpima hakusogeza pipa.

"Bibi Mlango!" Mwenyekiti alipaza sauti. "Simama watu wakuone! Bibi Mlango ametuletea mtaro!"

Nikasimama. Nikapigiwa makofi. Sijui kama umewahi kupigiwa makofi na watu mia mbili, baada ya miaka ambayo hata radio yako haikupi habari zako. Nikakaa.

Injinia akamalizia kwamba mwenye pingamizi au maoni afike ofisini kwao kabla ya Ijumaa saa kumi. Jumatatu mpango unakwenda kwa madiwani kupigiwa kura, na ukishapita haufunguliwi tena mpaka awamu iishe.

Mlangoni Fundi Cherehani alinikuta nikivaa ndala zangu.

"Mama," alisema taratibu, "maji yalifika shingoni kwenu mwaka gani, mimi nikiwa wapi?"

Nilifunga ndala ambayo haina kamba.

Nyumbani nikampigia binti yangu. Sikukusudia kumwambia lote. Nilimwambia tu mtaa wetu umewekwa awamu ya kwanza.

"Awamu ya kwanza? Mama! Ina maana miaka mitatu?"

"Wanasema huenda miwili, huku kwetu."

"Basi nikisikia umekamilika, namleta. Wallahi namleta mwenyewe, akae na wewe likizo nzima. Ana maswali huyo, utachoka!"

"Sitachoka."

"Utachoka, mama. Jana kauliza kama bibi ana meno."

"Mwambie ninayo. Si yote."

Alicheka, nami nikacheka, kisha akasema ana kazi akakata. Nyumba ikarudi kuwa kama ilivyo. Nikiweka kikombe mezani nakisikia kinavyotua.

Jumanne na Jumatano nilijitetea kwa hoja nzuri. Kwanza, mimi sikudanganya. Pili, jiji limesoma kuliko mimi. Tatu, bondeni nao watapata, awamu ya tatu, ni zamu tu. Alhamisi nikaenda dukani kununua sabuni, nikakuta watu wa mtaa wameniwekea hadi kiti. "Bibi Mlango, kaa! Bibi Mlango, umeamkaje?" Mtu wa duka akaniongezea sabuni kipande. Nikarudi nayo hiyo sabuni, nikasimama mbele ya mwimo wangu. Nikaona nimewauza wanangu mara ya pili. Mara ya kwanza niliwatoa waende duniani kutafuta maisha, sawa, ndivyo ilivyo. Lakini sasa nimewageuza kuwa maji machafu, na kwa maji hayo mwanamke mwingine atabeba cherehani kichwani miaka sita zaidi.

Ijumaa nikavaa gauni la kutokea, nikaenda.

Ofisi yao ina chumba kirefu chenye meza nyingi na ramani zimebandikwa hadi juu ya dirisha. Kwenye meza ya maoni palikuwa na Injinia mwenyewe, na Mpima pembeni anakula karanga kutoka kwenye karatasi. Aliponiona alisimama kwa furaha.

"Bibi yetu! Karibu kiti!"

"Asante. Nimekuja kupunguza maji."

Injinia akashika kalamu. "Kuyapunguza vipi, bibi?"

"Yale ya mlango wangu. Yale si maji, wanangu. Yale ni watoto."

Mpima aliacha kutafuna.

"Watoto?" Injinia akauliza.

"Wawili. Nilikuwa nawapima urefu."

"Yote?"

"Yote. Lile kubwa ni kaka mtu. Lile dogo ni dada yake, na akikusikia unamwita mafuriko madogo mtagombana."

Injinia alivua miwani. Mabega yalimtikisika, nikajua anacheka, kisha akaacha ghafla. Mpima alikuwa ameshika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Bibi, mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza ni za nini. Na mimi nilikuwa nafurahi umekuja."

"Nimewaandikia wakopeshaji kwamba maji ya mtaa ule yanaongezeka sentimita sita kila mwaka!"

"Yaliongezeka kweli. Nilikuwa nayalisha mwenyewe."

Nikatoa karatasi kwenye mkoba. Asubuhi ile nilikuwa nimesogeza pipa na kunakili alama za marehemu zote, tisa, na miaka yake. Ya juu kabisa ilikuwa sentimita arobaini na moja. Injinia akaisoma, akaandika pembeni, akajumlisha, akajumlisha tena. Alipoinua kichwa sauti yake ilikuwa imelainika.

"Bibi, nikiingiza hizi, mtaro mkuu unakwenda bondeni. Mtaa wenu unashuka hadi awamu ya tatu. Kuanza ni mwaka wa saba. Unaelewa?"

"Nina miaka sabini na tatu. Kuhesabu hadi saba naweza."

"Na ikitokea mkopo ukachelewa..."

"Mwanangu, andika."

Akaandika. Mpima akanipa karanga zilizobaki, karatasi na vyote, hakujua afanye nini kingine. Akanisindikiza mpaka ngazini.

Madiwani walipiga kura Jumatatu. Jumanne mtaa ulijua. Mwenyekiti alipita mbele ya kizingiti changu bila shikamoo, mtu ambaye nilimpangusa kamasi akiwa hana hata shati. Kesho yake alisimama.

"Bibi, ungenyamaza tu. Nani alikuuliza?"

"Hakuna aliyeniuliza."

"Watu wamekasirika."

"Najua. Bibi Mlango bado wananiita, ila sasa kwa kejeli."

Dukani hapakuwa na kiti. Sabuni nilipewa niliyolipia. Mtu wa duka alikuwa mpole, alitazama tu mizani yake muda wote. Nikagundua kitu: makofi yale ya ukumbini yalikuwa yameniacha mpweke kuliko nilivyokuwa kabla ya Mpima kuja. Zamani nilikuwa sina watu. Sasa nilikuwa nao, nao wamenipa mgongo.

Jioni ile nikampigia binti yangu. Nikamweleza yote, toka mchele hadi karanga. Nilisikia mlango ukifungwa upande wake.

"Upo?"

"Nipo. Mwaka wa saba, mama? Atakuwa na miaka kumi na moja. Atakuwa hata hataki kuja."

"Najua."

"Mbona hukunyamaza?"

"Mwenyekiti naye kaniuliza hivyo hivyo."

Halafu akasema, kwa sauti ya utotoni ambayo sikuwa nimeisikia miaka mingi, "Walinionyesha na mimi ukutani?"

"Mbele ya watu mia mbili."

"Yangu ya mwisho ilikuwa ngapi?"

"Mia moja hamsini na mbili. Ulisimama kwa vidole, nikakushusha."

"Sikusimama kwa vidole!"

"Ulisimama. Kaka yako alikushtaki."

Alicheka, kidogo, kama mtu ambaye hakutaka kucheka. Nami hapo nikafanya jambo ambalo miaka yote sikuwahi kulifanya.

"Mwanangu, nakuomba kitu. Mlete kiangazi. Usingoje mtaro. Kiangazi nyumba ni kavu kama nyumba ya mtu yeyote."

"Likizo yangu huangukia masika, mama. Unajua."

"Badilishana na mwenzio."

"Hujawahi kuniomba."

"Ndiyo nakuomba."

Nikasikia mtoto anaita nyuma yake, na sufuria, na mama mkwe akiuliza jambo.

"Nitauliza kazini," alisema. "Siahidi."

"Sawa. Na mtoto sasa anafika wapi?"

"Anafika kwenye kitasa cha mlango."

"Kitasa cha huko sikijui. Nipimie."

Asubuhi ujumbe ukaingia. Niliusoma kwa mbali, kisha kwa karibu. *98 mama. Kasimama kwa vidole nimemshusha.*

Utepe sina. Nikateremka bondeni kwa Fundi Cherehani. Alikuwa kibarazani anashona kola, na ukutani nyuma yake mstari wa tope la masika yaliyopita unapita juu ya kichwa chake akiwa ameketi. Mtaro wao alikuwa ameshausikia. Hakuutaja, nami sikuutaja.

"Naazima utepe, mwanangu."

"Unampima nani, mama?"

"Mjukuu."

"Amekuja?"

"Hapana."

Akautoa shingoni akanikabidhi. "Kaa nao tu," alisema. "Nina mwingine." Nilipofika barabarani akaniita, "Mama! Jumapili nitapita kuuchukua!" Nikaitikia kwa mkono, sikumkumbusha kwamba amesema ana mwingine.

Nikapima tisini na nane kwenye mwimo wa kulia. Nikakwaruza kwa msumari ule ule, mwezi na mwaka, na safari hii nikaandika jina zima, herufi moja moja, asije mtu wa jiji akampa mtoto wangu alama za mafuriko. Nikaweka kiganja bapa juu ya mstari, pale ambapo kichwa kingekuwa. Kiganja kilikaa hewani.

Pipa nilikuwa sijalirudisha mahali pake. Nikavuta utepe kutoka mwimo wa kushoto, mstari wa juu wa marehemu, arobaini na moja, nikauleta mpaka upande wa mtoto. Maji ya mwaka ule yangemfika mapajani, karibu na kiuno. Miaka minne nilikuwa nasema moyoni kwamba binti yangu ana kichwa kigumu.

Nikampigia pale pale, ingawa ni saa za kazi.

"Mama? Kuna nini?"

"Masika usimlete kabisa. Hata nikikulilia. Umesikia? Mlete mwezi wa nane."

"Mama, nimeshakwambia nitauliza."

"Uliza leo," nikasema.